Steve Tikolo: wastani wa 29 tu, mbona wazee wa kriketi wanamweka juu hivyo?

KijanaWaUpanga

Wakuu, salaam.

Namuulizia Steve Tikolo wa Kenya, huyu aliyekuja kuwa kocha wa Uganda na baadaye wa timu yetu ya Tanzania. Ukimtaja mbele ya mzee yeyote wa kriketi unaambiwa ndiye mpigaji bora kuwahi kutokea nje ya nchi zenye hadhi ya Test, yaani zile kubwa zinazocheza mechi za siku tano. Nikifungua rekodi zake za ODI (mechi za kimataifa za siku moja, ova 50 kila timu, ova moja ni mipira sita) naona mechi zaidi ya 130, mikimbio zaidi ya 3,400, alama ya juu 111, wiketi (wapigaji aliowatoa akirusha) zaidi ya 90. Vizuri. Lakini wastani wa kupiga unacheza kwenye 29, na miaka hiyohiyo kulikuwa na wapigaji wa kawaida kabisa wa India au Australia wenye 35 au 40.

Sitaki sifa, nataka hesabu. Je, 29 inapunja au inasema kweli? Na mtu akitaka kusoma maisha ya mchezaji wa nchi ndogo kwenye kadi za alama, aanzie wapi asije akadanganyika?

---

KadiYaAlama

Mkuu, kabla hujagusa wastani, angalia tarehe.

Tikolo alizaliwa 25 Juni 1971. ODI yake ya kwanza ni 18 Februari 1996, Cuttack, dhidi ya India, kwenye Kombe la Dunia. Siku hiyohiyo ndipo Kenya yenyewe ilipocheza ODI ya kwanza katika historia yake. Alikuwa na miaka 24 na miezi kadhaa. Yote aliyoyafanya kabla ya hapo, kwenye ligi ya Nairobi, kwenye timu ya taifa, hata alipokwenda Afrika Kusini kuchezea timu ya Border, hayamo kwenye ukurasa unaousoma. Mpigaji wa India wa umri wake angekuwa ameshaanza kujaza rekodi miaka mitatu minne nyuma.

La pili ni hadhi ya mechi. Watu wengi wanadhani nchi mbili zikicheza ova 50 basi hiyo ni ODI. Sivyo. Inakuwa ODI pale tu ICC, baraza la kriketi la dunia, inapoipa hadhi hiyo. Mashindano ya ICC Trophy, ambayo nchi washirika (wanachama wa ICC wasio na Test) waligombania nafasi za Kombe la Dunia, hayakuhesabiwa. Sasa nenda Kuala Lumpur, Aprili 1997, fainali ya ICC Trophy, Kenya dhidi ya Bangladesh. Kenya ilipiga 241 kwa wiketi 7. Tikolo peke yake alipiga 147 kwa mipira 152. Mvua ikaingia, mchezo ukasogezwa hadi siku iliyofuata, Bangladesh wakapewa lengo la 166 kwa ova 25, wakalifikia kwenye mpira wa mwisho wakiwa wamebakiwa na wiketi mbili.

Kwa hiyo alama yake ya juu ya ODI ni 111, lakini zamu yake kubwa kuliko zote, katika fainali, akiwa amebeba timu nzima, haimo kwenye ule wastani wa 29. Huo ndio mtego wa kwanza wa kusoma mchezaji wa nchi ndogo: mechi zilizomuuma zaidi mara nyingi ndizo ambazo daftari haliziandiki.

La tatu, na hili nalipenda kuliko yote: gawanya mikimbio yake kwa jumla ya timu. Kwenye timu yenye wapigaji sita wa kweli, mpigaji mmoja akileta asilimia 15 hadi 20 amefanya kazi yake. Sasa tazama mechi kadhaa:

Cuttack 1996 dhidi ya India: Tikolo 65 kati ya 199. Asilimia 33.

Kandy 1996 dhidi ya Sri Lanka, siku walipopigwa 398: Tikolo 96 kati ya 254. Asilimia 38.

Kuala Lumpur 1997: 147 kati ya 241. Asilimia 61.

Durban, 15 Machi 2003, dhidi ya Australia: 51 kati ya 174. Asilimia 29. Hapo mrushaji wao Brett Lee alishapiga hat-triki (wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo), wiketi tatu za mwanzo zimeondoka na ubao unasoma mikimbio mitatu.

Durban tena, nusu fainali, 20 Machi 2003, dhidi ya India: 56 kati ya 179. Asilimia 31.

St Lucia 2007 dhidi ya Uingereza: 76 kati ya 177. Asilimia 43, akiwa nahodha na umri wa miaka 35.

Mpigaji anayeingia wakati ubao unasoma 3 kwa wiketi 2 hapewi nafasi ya kukaa na kungoja mpira mbovu. Mpira ni mpya, mrushaji ana nguvu, na walinzi wamesimama karibu karibu nyuma ya wiketi. Akitoka kwa 12, rekodi inaandika 12 tu. Haiandiki kwamba wawili waliotakiwa kuulainisha mpira walikwisharudi kuvua pedi.

Tahadhari moja ya majina, maana hapa hata waandishi wa habari huteleza. Kina Tikolo ni watatu: Tom, David na Steve, wote wameichezea Kenya. Kwenye kadi za 1996 utaona D. Tikolo na S. Tikolo, usiwachanganye. Kennedy Otieno na Kennedy Obuya ni mtu mmoja, kaka yao Collins na David Obuya. Maurice Odumbe ana nduguye Edward. Martin Suji ana nduguye Tony. Na ukifika kadi za mwisho mwisho, Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James Ngoche na Shem Ngoche ni ndugu wa tumbo moja ingawa majina ya mwisho ni matatu. Ukitafuta kwa jina la ukoo peke yake utakosa nusu ya hadithi.

---

OvaYa50

KadiYaAlama amefanya kazi nzuri lakini amechagua mechi. Ukichukua siku sita ambazo mtu alipiga vizuri kisha ukagawanya, bila shaka asilimia zitapanda. Njia hiyo inafaa ikifanywa kwa mechi zote, pamoja na zile alizotoka kwa 4. Isitoshe inavurugika Kenya inapofuata lengo dogo: timu ikihitaji 134 ikashinda kwa wiketi 7, mpigaji wa namba 6 hakuingia kabisa, na asilimia ya wa juu inakuwa kubwa kwa sababu tu mchezo umekwisha mapema. Itumie kwa zamu ambazo timu ilipiga kwanza, au ilipofuata lengo ikatolewa yote.

Halafu tuseme ukweli kuhusu udhaifu wake. Zitazame tena zile namba: 65, 96, 51, 56, 76. Ngapi zimefika mia? Hata moja. Senchuri zake za ODI (zamu za mikimbio 100 au zaidi) zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, wakati nusu senchuri ni zaidi ya 20. Mpigaji wa daraja la juu kabisa hubadilisha sehemu kubwa zaidi ya hizo. Sababu zipo: anabaki na wapigaji wa mkia, wale dhaifu wa mwisho, anaanza kulazimisha mipira mirefu, anakamatwa kwenye mpaka. Lakini si kila mara. Mara nyingine alitoka tu akiwa ameshajijenga, na hilo hata mashabiki wake wa Nairobi walikuwa wakilalamikia.

Kuhusu wastani wenyewe, kijana, elewa unavyotengenezwa. Unagawanya mikimbio kwa idadi ya mara alizotolewa. Mara alizoingia kupiga hazihusiki. Mchezaji anayebaki bila kutolewa mara nyingi anapanda haraka. Mfano wa wazi ni Ryan ten Doeschate wa Uholanzi: mikimbio 1,541 ya ODI, zamu 32, mara 9 hakutolewa, kwa hiyo unagawanya kwa 23 na kupata 67. Sitini na saba! Hakuna anayesema ten Doeschate alikuwa mara mbili ya Tikolo. Alicheza mechi 33, nyingi zikiwa dhidi ya nchi washirika wenzake. Alikuwa mzuri sana, na alikuwa na kitu ambacho Tikolo hakuwa nacho: mkataba wa kila msimu Essex, klabu ya kaunti ya Uingereza, akiwa na pasipoti ya Ulaya, kwa hiyo klabu haikulazimika kumtumia kama mchezaji wa kigeni. Mkenya alikuwa wa kigeni, na nafasi za kigeni kwenye kaunti zilikuwa chache mno; klabu ingempa Mwaustralia au Mwafrika Kusini.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, usiweke wastani mmoja mbele ya mwingine. Gawanya rekodi mafungu mawili: dhidi ya nchi zenye Test, na dhidi ya wengine. Kisha linganisha fungu kwa fungu. Tikolo alicheza sehemu kubwa ya ODI zake za miaka ya mwanzo dhidi ya wakubwa, na hilo ndilo lililoivuta 29 chini. Miaka ya baadaye ndipo akina Bermuda, Canada na Scotland wanapoongezeka.

Jibu langu: 29 inampunja, ila si kwa kiasi ambacho wazee wanataka uamini.

---

KijanaWaUpanga

Nashukuru wakuu. Sasa mnisaidie hili la 2003. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia chini ya Tikolo, lakini kuna jamaa huwa anasema ilikuwa bahati kwa sababu New Zealand hawakuja Nairobi. Hesabu inasemaje?

---

MshaleWaNgara

Hesabu iko wazi, na inakata pande mbili.

Kundi B: Sri Lanka walimaliza na pointi 18, Kenya 16, New Zealand 16, West Indies 14, Afrika Kusini 14, Canada 4, Bangladesh 2. Ushindi ulikuwa pointi 4. Kenya ilishinda Canada, Sri Lanka na Bangladesh uwanjani, na New Zealand kwa sababu hawakutokea. Walihofia usalama, miezi michache baada ya shambulio la Kikambala karibu na Mombasa Novemba 2002. Tukisema Kenya ingepigwa na New Zealand siku hiyo, ingebaki na 12, na West Indies wenye 14 wangepita. Kwa hiyo ndiyo, bila pointi zile Kenya haivuki kundi. Anayekataa hilo hajapiga hesabu.

Upande wa pili: mashindano yale yalikuwa na utaratibu wa kubeba pointi kwenda raundi ya Super Six. Ulibeba 4 kwa kila ushindi dhidi ya timu iliyovuka nawe, na 1 kwa ushindi dhidi ya timu iliyoachwa. Kenya ikabeba 4 za Sri Lanka, 4 za New Zealand, 1 ya Canada, 1 ya Bangladesh. Jumla 10. Kisha wakaipiga Zimbabwe kwa wiketi 7 Bloemfontein, Martin Suji akichukua wiketi 3 kwa mikimbio 19, wakafika 14. Msimamo wa mwisho: Australia 24, India 20, Kenya 14, Sri Lanka 11.5, New Zealand 8, Zimbabwe 3.5. Ondoa sasa zile 4 za New Zealand: Kenya inabaki na 10, Sri Lanka wako juu na 11.5, na New Zealand wakizipata wanakuwa na 12. Pointi zile za mezani zilikuwa muhimu mara mbili.

Lakini jamaa yako anasahau kwamba Sri Lanka walikuja Nairobi. Gymkhana, 24 Februari. Kenya 210 kwa wiketi 9, Kennedy Otieno 60, Sri Lanka wakatolewa kwa 157 na Collins Obuya akaondoka na wiketi 5 kwa mikimbio 24 kwa mipira yake ya legi spini, yaani ya polepole inayozunguka ikidunda. Hiyo haikuwa ya mezani. Wala Kenya hawakuwa wageni wa kuangusha wakubwa: West Indies walitolewa kwa 93 Pune tarehe 29 Februari 1996, India wakafungwa kwa mikimbio 69 Gwalior 1998, na India tena kwa 70 Port Elizabeth 2001.

Jambo ambalo halisemwi sana kuhusu unahodha wa Tikolo ni alivyowatumia warushaji. Kenya haikuwa na mrushaji wa kasi wa kutisha. Alichokuwa nacho ni Suji na Odoyo wa kubana mwanzoni, kisha spini tupu katikati: Collins Obuya, Odumbe, yeye mwenyewe, na Asif Karim aliyekuwa amekwishastaafu akarudishwa. Dhidi ya Bangladesh, Johannesburg, Odumbe alichukua wiketi 4 na Tikolo 3. Dhidi ya Australia, Karim alirusha ova 8 na mipira 2, ova 6 bila mkimbio hata mmoja, wiketi 3 kwa mikimbio 7. Spini ya polepole inamnyima mpigaji kasi ya mpira; akitaka mpaka lazima atengeneze nguvu mwenyewe, na hapo ndipo makosa yanapotokea. Udhaifu wake ni kwamba ukikutana na mtu anayetumia miguu vizuri na uwanja ni mdogo, huna mpango wa pili. Nusu fainali Ganguly alibaki na 111, Tendulkar 83, India 270 kwa wiketi 4. Hapakuwa na wa kuwang'oa.

Wiketi zaidi ya 90 za Tikolo nazo zisipuuzwe. Alianza akirusha kasi ya wastani, akahamia ofu spini baadaye. Nahodha anayeweza kujirushia ova zake saba nane bila kuvuja anaokoa nafasi ya mpigaji mmoja zaidi kwenye kikosi. Ukiangalia wastani wa kupiga peke yake, kazi hiyo huioni.

---

KadiYaAlama

Naongeza kipande ambacho OvaYa50 amekigusa juu juu: ratiba.

Baada ya nusu fainali ya 2003 ungetegemea Kenya ipewe mechi nyingi. Kilichotokea ni kinyume. Baada ya Champions Trophy ya Septemba 2004, Kenya haikucheza ODI nyingine mpaka ziara ya Zimbabwe mwanzoni mwa 2006. Mwaka 2005 mzima, sifuri. Tikolo alikuwa na miaka 33 hadi 34, umri ambao mpigaji anajua mchezo wake na macho bado yako sawa. Ndani ya nchi kulikuwa na migogoro ya malipo kati ya wachezaji na chama, udhamini ukakauka, na Agosti 2004 Maurice Odumbe akafungiwa na ICC miaka mitano. Odumbe ndiye aliyekuwa akimpunguzia mzigo katikati ya zamu. Cricket Kenya iliundwa 2005 kuchukua nafasi ya chama cha zamani, lakini miaka ilishapotea.

Linganisha na Bangladesh. Walipata Test mwaka 2000, baada ya miaka ambayo Kenya ilikuwa ikiwapiga mara kwa mara. Ushindi wa kwanza kabisa wa Bangladesh kwenye ODI ulikuja Mei 1998, Hyderabad, na walioupoteza ni Kenya. Kuanzia hapo Bangladesh wakawa na ratiba ya uhakika, wakipigwa ndiyo, lakini wakicheza. Soko la watazamaji lilikuwa kubwa, viwanja vilijaa, na kriketi ilikuwa mchezo wa nchi nzima. Kenya ilikuwa na klabu chache, karibu zote Nairobi, na wengine Mombasa. Nadhani hapo ndipo hatima ya Tikolo ilipoamuliwa, na yeye hakuwa na la kufanya.

Kwa hiyo unapochora rekodi yake, usiichore kwa mechi. Ichore kwa mwaka. Andika mwaka, idadi ya ODI, wapinzani. Utaona mashimo. Mashimo yale ndiyo tofauti kati yake na mpigaji wa India uliyemtaja, ambaye alicheza kila mwezi, na akiharibu leo ana mechi nyingine Jumapili.

Ukijumlisha mechi za Kenya na ukaona hazilingani na jumla yake ya ODI, usidhani tovuti imekosea. Rekodi yake inajumuisha pia mechi za Afrika XI, timu ya pamoja ya bara la Afrika, ambazo ICC ilizipa hadhi ya ODI. Ukitaka rekodi ya Kenya pekee, chuja kwa timu. Zile za Intercontinental Cup, mashindano ya nchi washirika ya mechi za siku kadhaa, ziko kwenye safu ya daraja la kwanza, huko nako amepiga sana, na wengi hawafungui safu hiyo.

---

OvaYa50

Hapo kwenye ratiba nakubali bila ubishi. Nyongeza ndogo tu: Makombe matano ya Dunia, 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011. Ukisoma 2011 peke yake utamwonea. Alikuwa anakaribia miaka 40, Kenya ilipoteza mechi zote sita, New Zealand wakawatoa kwa 69 Chennai. Mechi yake ya mwisho ya ODI ilikuwa Kolkata dhidi ya Zimbabwe, 20 Machi 2011. Kisha mwaka 2013, akiwa na miaka 42, akarudishwa kwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia la T20 kule Abu Dhabi. Timu inayomrudisha mtu wa miaka 42 inakueleza hali ya vijana wake kuliko ripoti yoyote. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya ODI.

---

KijanaWaUpanga

Nimeelewa. Naanza na jedwali la mwaka kwa mwaka, kisha nagawa wapinzani mafungu mawili. Nichukue zamu zote au niache zile za 2011?

---

MshaleWaNgara

Chukua zote, mkuu. Ila fanya hesabu mara mbili: moja hadi mwisho wa 2007, nyingine hadi 2011, ziweke bega kwa bega. Tena safu ya hadi 2007 iwe na jumla ya timu pembeni ya kila zamu, na ubao ulikuwa unasoma ngapi alipoingia. Hilo la mwisho utalipata kwenye sehemu ya chini ya kadi, kwenye orodha ya wiketi zilivyoanguka. Kadi za 1996 na 1997 baadhi hazina mipira kwa kila mpigaji, kwa hiyo kasi ya upigaji usiijaze kwa kukisia. Acha nafasi wazi.

Na ile 147 ya Kuala Lumpur iandike kwenye karatasi ya peke yake. Usiiingize kwenye wastani, maana ukishaanza kuchanganya hadhi za mechi hutaweza kumlinganisha na mtu yeyote.